Mtoto wa Buhare Achezee Wapi? Historia Fupi ya Kiwanja cha Wazi

Jumapili moja ya mwezi wa saba nilikuwa Buhare, katika Manispaa ya Musoma, nyumbani kwa mdogo wangu. Kazi iliyonipeleka huko ilikuwa imekwisha, na basi la kurudi lilikuwa la kesho yake alfajiri. Mwanawe, anayesoma darasa la pili, alinifuata barazani akiwa tayari amevaa viatu.

"Shikamoo baba mkubwa. Baba amesema leo utanipeleka kucheza."

Nikaitikia marahaba, nikamwuliza mahali penyewe pa kuchezea ni wapi. Akanitazama kwa mshangao. "Mimi nilidhani wewe ndiye unayejua."

Tukatoka kwenda kupatafuta. Tulianzia uwanja wa shule. Nusu yake imekwisha kujengwa madarasa mapya, na katika nusu iliyobaki magoli mawili ya miti yanatazamana kwa umbali usiozidi hatua arobaini. Vijana wakubwa walikuwa wakicheza mpira. Wadogo wamekaa pembeni wakingojea zamu ambayo, kwa jinsi nilivyoona, isingefika kabla ya magharibi. Tukaendelea hadi eneo ambalo mdogo wangu, alipohamia hapo miaka ishirini iliyopita, alionyeshwa kuwa ndicho kiwanja cha wazi cha mtaa. Tulikuta mawe ya mipaka yaliyosimikwa upya, lundo la mchanga na tofali zilizopangwa vizuri. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi wake watatu alitusalimu, kisha akasema bila kuulizwa, "Mwalimu, hapa siku hizi tunaambiwa pana mwenyewe."

Mwishowe tulikwenda kwenye bustani ya biashara iliyo kando ya ziwa, yenye bembea na mteremko wa kuserereka. Kiingilio cha mtu mzima na mtoto, pamoja na soda mbili, kilizidi bei ya kilo mbili za unga. Mtoto alifurahi sana, nami nikafurahi naye. Sina ugomvi na mwenye biashara ile. Amejenga mahali safi na salama, na ana haki ya kutoza. Hata hivyo, niliporudi nyumbani nilibaki na swali. Imekuwaje mji uliozungukwa na ziwa, vilima na ardhi tele ufike mahali ambapo mtoto hawezi kucheza ila mzazi wake awe na fedha mfukoni? Makala haya ni jaribio la kulijibu kwa njia ninayoijua, yaani njia ya historia.

Tuanze na Mara ya kabla ya mji. Katika jamii za ukanda huu, kwa Wakwaya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakurya na wengineo, hapakuwa na haja ya kutenga uwanja wa watoto kwa sababu mchezo haukutengwa na maisha. Mtoto alicheza malishoni huku akichunga ndama, alicheza uani huku akilea mdogo wake, na jioni alikaa karibu na wazee waliokuwa wakicheza bao. Palikuwa pia na maeneo ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyadai kuwa yake. Pale Butiama, msitu wa Muhunda umehifadhiwa kwa vizazi kadhaa kwa sababu Wazanaki wanauheshimu kama makao ya mizimu ya wahenga. Haukuhitaji uzio wala hati. Ulilindwa na imani ya pamoja kwamba kuna ardhi isiyouzwa.

Simulizi mojawapo maarufu ya Butiama inahusu mchezo. Husimuliwa kwamba Chifu Makongoro wa Ikizu, alipokuwa akimtembelea Chifu Nyerere Burito, aliiona akili ya kijana Kambarage katika mchezo wa bao, akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 Kambarage aliingia shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma. Wengi huitumia simulizi hiyo kusifu kipaji cha Mwalimu Nyerere. Mimi naisoma kwa namna nyingine pia: watu wazima waliweza kukiona kipaji cha mtoto kwa sababu palikuwa na mahali ambapo mtoto na mtu mzima walikaa pamoja wakicheza. Mtoto anayefungiwa ndani ya uzio na televisheni ataonwa na nani?

Mji wa kikoloni ulileta fikra nyingine kuhusu ardhi ya wazi. Mfano unaojulikana zaidi ni Mnazi Mmoja wa Dar es Salaam. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi mwaka 1891 zilizoanza kuugawa mji kwa aina za majengo, na kabla hawajaondoka walikuwa wamekwisha kufikiria mji wa kanda tatu. Waingereza waliowafuata walitawala Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na kwa hiyo hawakutaka kuandika ubaguzi wa rangi waziwazi katika sheria zao. Walichofanya ni kuandika aina ya nyumba: kanda moja ya nyumba za Kizungu, nyingine ya maduka na makazi ya mjini, na ya tatu ya nyumba za wenyeji huko Kariakoo. Kila mtu alielewa maana yake. Kati ya Kariakoo na mitaa ya Wahindi likaachwa eneo la wazi la Mnazi Mmoja, na nyumba zilizokuwamo zikaondolewa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, kwamba nafasi hiyo ingezuia maradhi yasivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Kwa maneno mengine, kiwanja cha wazi kilichukuliwa katika mji ule kama ukuta usio na matofali. Hakikuwekwa ili watu wakutane. Kiliwekwa ili wasikutane.

Lakini historia ina tabia ya kuwageuka waliodhani wanaiandika. Watu waliotengwa na uwanja ule waliuingia. Waliucheza mpira, waliufanyia mikutano, na katika miaka ya 1950 Mnazi Mmoja ukawa miongoni mwa viwanja ambako sauti ya kudai uhuru ilisikika. Leo mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama humo. Kando yake upo Ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa katika miaka hiyo ya 1950 kama kituo cha maendeleo ya jamii, ambacho nacho kilitumiwa na wananchi kwa mambo mengi kuliko waliyoyatarajia watawala. Funzo ninalolipata ni kwamba kiwanja cha wazi hakina siasa yake chenyewe. Siasa yake hutokana na nani anayeruhusiwa kuingia na nani mwenye sauti ya kukigawa.

Zanzibar nayo ina mfano wake. Bustani ya Forodhani iliandaliwa katika miaka ya 1930 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikaitwa Bustani ya Jubilei. Ilizaliwa kwa heshima ya mfalme. Baada ya Mapinduzi ikabaki mali ya umma, na ilipochakaa ikakarabatiwa na Wakfu wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009. Ukifika pale jioni utawaona watoto wakijirusha baharini, mama wakinunua urojo na wazee wakipunga upepo, na hakuna anayedaiwa kiingilio. Bustani ya sultani imekuwa sebule ya mji.

Turudi Musoma. Baada ya uhuru hatukujenga bustani nyingi za watoto, na si haki kuwalaumu waliotutangulia kwa hilo. Palikuwa na maji, zahanati na shule za kujenga kwanza. Lakini tulijenga kitu kilichofanya kazi ya bustani bila kuitwa bustani, nacho ni uwanja wa shule. Hapa mji wetu una nafasi ya pekee katika historia ya nchi. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio ambalo tangu hapo linaitwa Azimio la Musoma: elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, badala ya 1989 iliyokuwa imepangwa awali. Nchi nzima ilianza kujenga shule kwa nguvu za wananchi. Watu walifyatua tofali, wakabeba mawe na maji, na wakatenga eneo la shule. Karibu kila shule ilipata kiwanja.

Kiwanja hicho kilikuwa zaidi ya mahali pa gwaride na mchakamchaka. Kilikuwa cha mtaa mzima. Jioni na mwisho wa juma kilichezewa mpira wa miguu na netiboli, kilifanyiwa mikutano ya hadhara, ngoma na mazishi makubwa. Hakikuwa na lango. Vizazi viwili vya Watanzania, nikiwamo mimi, vimelelewa katika viwanja hivyo, na wachezaji waliovaa jezi za timu ya taifa walianzia humo na mpira wa makaratasi.

Ndiyo maana kinachotokea sasa kina uchungu wa pekee. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na elimu msingi bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto walimiminika shuleni. Lilikuwa jambo jema, tena ni mwendelezo wa lile lililoazimiwa Musoma. Watoto walihitaji madarasa, na madarasa yalihitaji ardhi. Ardhi iliyokuwa karibu, isiyodai fidia na isiyo na mlalamikaji, ilikuwa kiwanja cha michezo. Kwa hiyo tumejenga haki moja ya mtoto juu ya haki nyingine. Mwalimu mkuu anayekabidhiwa fedha za madarasa, ambazo lazima zitumike ndani ya muda uliopangwa, hana wa kumsaidia kutafuta eneo jingine. Simlaumu. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu katika kikao kile aliyetumwa kumsemea mtoto anayengojea zamu pembeni mwa goli.

Upotevu wa pili ni ule wa kiwanja cha mtaa kinachopatiwa mwenyewe kimya kimya. Hapa jirani zetu wa Kenya wanatufundisha. Uhuru Park ya Nairobi ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969, ikawa mahali ambapo familia za Eastlands na mitaa mingine isiyo na bustani zilikwenda Jumapili. Mwaka 1989 ikajulikana kwamba chama tawala, kupitia kampuni ya gazeti lake, kilikusudia kujenga humo jengo la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, aliandika barua kwa wahusika mmoja baada ya mwingine akiuliza swali jepesi: bustani hii ni ya nani? Alikejeliwa bungeni, akatukanwa kama mwanamke aliyeachika, na taasisi yake ikafukuzwa ofisini. Lakini wafadhili wa nje walisita, na hatimaye mradi ukaachwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula wakidai wana wao waachiwe, walikaa katika pembe ya bustani hiyo hiyo, pembe ambayo tangu hapo inaitwa Freedom Corner.

Wanafunzi wangu hupenda kuniambia kwamba kudai bembea na nyasi ni anasa mahali ambapo watu hawana maji safi. Huwajibu kwa mfano huo. Lau Maathai angekubali kwamba bustani ni anasa, wale akina mama wasingekuwa na mahali pa kukaa miaka mitatu baadaye. Kiwanja cha wazi ni mahali ambapo watoto hucheza wakati wa amani, na ni hapo hapo wazazi wao husimama wanapokuwa na neno la kusema.

Sheria zetu wenyewe hazipo kimya. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991, na ibara ya 31 ya mkataba huo inatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unasema hivyo hivyo katika ibara ya 12. Tunayo Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, na chini yake kiwanja cha wazi ni matumizi ya ardhi yanayowekwa katika mchoro wa mipango, sawa na makazi, biashara au barabara. Kukibadilisha kunahitaji utaratibu wa wazi, na jambo lililofanyika usiku haliwezi kuitwa utaratibu.

Kwa mji wa ziwani iko sheria nyingine ambayo watu wengi hawajaiunganisha na michezo ya watoto. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kudhuru hifadhi ya kingo hizo. Tumezoea kuisoma mita 60 kama katazo tu, jambo la kumtisha mwenye kibanda. Tungeweza kuisoma pia kama zawadi. Kwa mji kama Musoma, ukanda huo ukitunzwa kwa miti ya asili, njia ya miguu na mabenchi machache, unaweza kuwa bustani ndefu kuliko zote nchini, bila kumhamisha mtu wala kumlipa mtu fidia ya kiwanja kipya. Tahadhari ni lazima: maji yetu yana kichocho, yana mamba mahali pengine, na mawimbi ya Ziwa Victoria yanaua. Kwa hiyo nazungumzia bustani ya nchi kavu iliyo kando ya maji, yenye mtu wa kuangalia, wala sisemi watoto wakaogelee popote.

Na gharama? Naomba niwapeleke mbali kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mji wa Amsterdam ulikuwa maskini na una viwanja vilivyotelekezwa. Mwaka 1947 msanifu kijana wa halmashauri, Aldo van Eyck, alijenga uwanja mdogo wa watoto katika mtaa wa Bertelmanplein. Aliweka shimo la mchanga lenye kingo, mawe machache ya kurukia, vyuma vya kupandia na benchi la wazazi. Basi. Wakazi wa mitaa mingine waliandika barua kwa halmashauri wakiomba na wao wajengewe, na kwa miongo mitatu mji huo ukapata viwanja kama 700 vya aina hiyo. Musoma ina mawe makubwa ya asili ambayo Amsterdam ililazimika kuyatengeneza kwa zege. Mchanga tunao. Mafundi wa kuchomelea vyuma wapo kila kona. Tulichokosa ni ile barua ya wakazi, na ofisi inayojua kwamba ni wajibu wake kuijibu.

Kwa hiyo nina maombi matatu, na nayaelekeza kwa makundi matatu yanayosoma ukurasa huu.

Kwa watumishi wa umma: tengenezeni orodha ya viwanja vyote vya wazi kwa kila kata, yenye namba ya kiwanja, ukubwa na mahali kilipo, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kila mtaa. Kiwanja ambacho kila mkazi anajua namba yake ni vigumu kukiuza. Madarasa yakihitajika, jengeni ya ghorofa panapowezekana, na panaposhindikana, taja katika muhtasari wa kikao ni wapi watoto watachezea badala yake. Hata kuandika sentensi hiyo moja kutabadilisha mjadala.

Kwa wanaharakati: acheni kungojea tingatinga. Kiwanja hupotea katika makaratasi miaka mingi kabla ya kupotea ardhini. Ombeni kuuona mchoro wa mipango miji wa mtaa wenu sasa, kukiwa bado kimya. Uitwe mkutano mkuu wa mtaa, na ajenda iwe moja tu.

Kwa wanafunzi: Buhare ina Chuo cha Maendeleo ya Jamii. Sijui mahali pafaapo zaidi pa kuanzia. Utafiti wa mafunzo kwa vitendo unaweza kuwa wa kuhesabu viwanja vya kuchezea, kupima umbali ambao mtoto wa miaka saba anatembea kukifikia kilicho karibu, na kuwauliza wazee kilichokuwapo zamani. Yule mzee wa mbuzi watatu ana kumbukumbu ambayo haimo katika jalada lolote, naye hatakuwapo siku zote.

Kuna jambo moja sikulisema hapo mwanzo. Tulipokuwa tunarudi kutoka kule kwenye bembea za kulipia, tulipita tena penye yale mawe ya mipaka. Watoto wanne walikuwa juu ya lile lundo la mchanga wakichimba mahandaki na kujenga nyumba. Mtoto wa mdogo wangu alivua viatu akajiunga nao bila kuniaga. Hakuna aliyemdai kiingilio. Nilisimama pale karibu saa nzima, nikijua kwamba mchanga ule uliletwa kwa ajili ya msingi wa nyumba ya mtu, na kwamba mwezi ujao utakuwa umekwisha.

Usiku nilimwuliza mdogo wangu kama mtaa umewahi kukaa kuzungumzia eneo lile. Akasema hapana, kila mmoja alidhani mwenzake ameshauliza. Nikamwomba karatasi. Tuliandika barua fupi kwa ofisi ya mtaa tukiomba kuonyeshwa mchoro wa eneo hilo, naye akaisaini kama mkazi. Majirani sita waliongeza majina yao asubuhi ile kabla basi langu halijaondoka. Jibu bado halijaja. Likija, liwe jema au baya, nitaliandika hapa.